Mjane wa Hotuba ya Taa

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai wewe na mkazamjomba hamjambo, na kwamba kile kifaa cha masikio ulichopewa hospitali kimeacha kupiga filimbi. Sisi tu wazima. Baba watoto anatengeneza friji za mji mzima na ya kwetu imekufa tangu mwaka jana. Ukimuuliza anakwambia mteja kwanza. Binti yangu mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kwa mapengo na madaha kama bibi harusi.

Cherehani ya mama nimeihamishia sebuleni kwangu. Nimeifuta vumbi nikaitia mafuta, lakini sijashona kitu. Kila nikiisogelea naona miguu yake pale kwenye kanyagio. Barua yako ya rambirambi niliisoma mwenyewe siku ya mazishi, kwa vile mguu ulikuzuia kusafiri. Niliisoma kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo, nilipokuwa namsomea bibi barua zako: kistari kimoja, vuta pumzi; vistari viwili, ngoja; kiduara, inua macho uwatazame watu. Mjomba, waliokuwapo walilia wote. Hawakuwa wengi, unajua mama hakuwa mtu wa watu, lakini walilia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa saba Hotuba ya Taa, ile ya Waziri, inatimiza miaka arobaini, na sherehe itafanyika hapa kwenye makazi yetu, kwa kuwa sisi ndio tuliohamishwa bondeni kupisha bwawa la umeme. Shule yangu imepewa kazi ya kuisoma hotuba yote mbele ya wageni. Mwalimu wa lugha ni mimi, kwa hiyo mzigo umeangukia kichwani pangu.

Hotuba hii naifundisha kila mwaka. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba msemaji ana milango mitatu ya kumwingilia mtu. Wa kwanza ni heshima: huyu anayeongea ni nani hata nimsikilize? Wa pili ni akili: hesabu, sababu, ushahidi. Wa tatu ni moyo. Halafu nawapa kile kipande cha mjane kilichomo katika kitabu cha shule, ambacho hapa kila mtoto anakijua kabla hajajua kuandika jina lake: "Nikamuuliza mjane mmoja, mama, utaondoka? Akaniambia: Ichukueni nyumba yangu, wapeni watoto taa." Nawaambia, hapo ndipo watu elfu nne waliposhindwa nguvu, wakakubali kuhama.

Atakayeisoma ni msichana mmoja mrefu, wenzake wanamwita Twiga. Wiki iliyopita alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyo mjane alikuwa nani? Mbona hatumjui, na sisi ndio wa huku?" Nikakumbuka kwamba wakati ule wewe ulikuwa karani wa Wizara. Je, ulikuwapo siku hiyo? Unamkumbuka Waziri alivyoongea? Na mjane, uliwahi kusikia ni nani?

Nijibu kwa barua, maana kukupigia simu wewe ni kupiga kelele mtaa mzima usikie isipokuwa wewe.

Mpwa wako

*

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kana kwamba tarishi aliilalia, ila imefika. Sisi wazima wa kuchechemea. Kile kifaa nimekitia kabatini pamoja na vikombe vya wageni, kwa sababu kilikuwa kinanisikilizisha bomba la jirani na si maneno ya watu. Mkazamjomba wako anasema uziwi wangu ni wa kuchagua, eti sufuria ikifunuliwa naisikia nikiwa ghorofa ya chini. Hayo nimeyajua kwa kuwa ameniandikia kwenye karatasi. Mpe pole fundi friji, na huyo mwenye mapengo mwambie babu yake anamshinda: mimi yangu ni matano.

Milango yako mitatu nimeipenda. Lakini waambie wanafunzi kwamba mlango wa kwanza hauko kwenye karatasi. Kinanda, ndivyo tulivyomwita Waziri kwa ile sauti yake, alivua viatu kabla hajatamka neno. Alivishika mkononi akasema, "Ardhi hii si yangu, nisiikanyage kwa viatu." Kamba zilikuwa zimelegezwa tangu ndani ya gari ili visimcheleweshe. Na waliokuwa mbele yake wengi wao hawakuwa na viatu tangu mwanzo, kwa hiyo kwa dakika moja ile waliona amekuwa mwenzao.

Halafu angalia maswali. "Mtaniuliza, tutalima wapi? Mtaniuliza, tutazika wapi?" Mara nne. Anawatoa maswali midomoni kabla hawajayauliza, anayajibu mwenyewe, na mtu akishajibiwa hana tena la kusimamia. Kisha hesabu neno "ninyi". Katika nusu ya kwanza limo mara kumi na tisa. Anakunywa glasi ya maji. Baada ya hapo hulioni tena, ni "sisi" hadi mwisho. Watu walidhani alikuwa na kiu.

Mimi nilikuwa karani tu, wa kupiga chapa na kubeba majalada. Kuhusu mjane usijisumbue, kila hotuba ina mjane wake. Ni mfano. Na kwa kuwa wageni watakuwa wamekaa juani, ushauri wangu ni huu: kipande hicho kirukeni, mwende moja kwa moja kwenye mwisho. Huyo Twiga mtie nguvu kwenye viatu na maswali, hapo ndipo penye ufundi.

Kaburi la mama yako mmeshalijengea? Nilitaka kuandika zaidi juu yake lakini karatasi imeisha.

Mjomba wako

*

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Friji imefufuka, ila inanguruma mpaka tunaongea kwa kupokezana nayo. Kaburi tumelijengea saruji, si pakubwa, panatosha.

Karatasi yako haikuwa imeisha. Nusu ya ukurasa ni nyeupe.

Wiki mbili zilizopita Wizara ilituletea shuleni nakala ya hotuba yenyewe, ile ya mwanzo, iliyopigwa chapa na kushikwa na Waziri siku hiyo. Wameipiga picha ili tuitundike ukutani kwa ajili ya maonyesho. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha walimu, nina gundi mkononi. Nikaona vistari vya penseli. Kimoja, kimoja, viwili. Nikasema labda wote waliokuwa wanaandika hotuba walifanya hivyo. Kisha nikafika kwa mjane, na juu ya neno "mama" kuna kiduara kidogo ambacho hakikufungwa vizuri, kimeachwa wazi upande wa kulia. Nilikwenda nyumbani saa ya mapumziko, nikachukua barua yako ya rambirambi, nikarudi nikaiweka pembeni yake. Juu ya neno "dada" kuna kiduara kilichoachwa wazi upande wa kulia.

Sijamaliza. Kitabu cha shule kimefupisha. Nakala ya mwanzo haisemi "mjane mmoja". Inasema: "Nikamkuta mjane mwenye cherehani, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nikamuuliza, mama, utaondoka? Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja, akaniambia: Ichukueni nyumba yangu, wapeni watoto taa."

Kule bondeni mama alikuwa mjane mwenye cherehani. Na kisima alinisimulia mwenyewe: alikuwa akisikia ndoo zinagongana asubuhi kabla hajatoka kitandani, kwa kuwa nyumba mbili tu zilikuwa katikati.

Unakumbuka watoto walikuwa wananiita Taa? Nilidhani ni kwa ajili ya macho yangu makubwa. Nilikuwa nikiitika, nikicheka. Nilikua katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuja kuazima chumvi. Watu walipeleka sare za watoto wao kwa fundi wa mtaa wa tatu, aliyekuwa anashona kombo, wakimpita mama aliyekuwa anashona sawasawa. Nikiwa na miaka kumi na sita nilimwambia usoni, "Huna watu kwa sababu una roho ngumu." Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alitunga, akaendelea.

Mwalimu mzima wa lugha. Miaka kumi na saba nawafundisha watoto wa watu jinsi mjane yule alivyotumika, nawapa alama wanaoeleza vizuri zaidi, nikitoka hapo nakwenda kula kwa mama. Mjomba, naona aibu hata kuliandika hili.

Nijibu jambo moja. Ni wewe?

Mpwa wako

*

14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu haikurudi, kwa hiyo umeipata. Nimempigia mkazamjomba, anasema unakula vizuri na unashinda dirishani.

Zimebaki wiki tisa. Jana tulifanya mazoezi. Twiga alipofika kwa mjane machozi yalimtoka kweli. Darasa zima likapiga makofi. Na mimi, kwa mazoea, nikachukua kalamu nikaandika: mlango wa tatu, vizuri sana. Kisha nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya stoo ya madawati mpaka kengele ilipolia.

Sitaki uniombe radhi. Nataka kujua alisema nini hasa. Kama alisema vile, niambie alisema, nitanyamaza. Kama hakusema, hapa mtaani kuna watu waliomhukumu mama yangu miaka arobaini, na wengine bado wako hai.

Mpwa wako

*

1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa sidhani kama naistahili. Tu wazima. Sina habari nyingine za nyumbani, na ningekuwa nazo ningekuwa nakupiga chenga.

Ni mimi. Hotuba yote ni mimi, tangu viatu hadi mwisho. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona hakuna kama mimi chini ya jua.

Rasimu ya kwanza ilikuwa tarakimu tupu: kilowati, ekari, vitanda vya zahanati. Kinanda aliisoma akanirudishia. Akaniambia, "Karani, humu mna akili nyingi lakini hamna mtu. Wewe si ndiko ulikotoka? Nitafutie mtu." Akanipa gari na dereva, mimi niliyekuwa nakwenda kazini kwa miguu. Zilibaki siku mbili. Nikaenda kwa dada yangu.

Nilimkuta barazani anashona kaptura ya shule. Baba yako alikuwa amezikwa mwezi mmoja na nusu nyuma, kule chini ya mteremko. Nilimuuliza kama atakubali kuhama. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Hilo ni kweli. Kisima ni kweli, nyumba ya tatu ni kweli. Niliviweka makusudi, maana nilijua kwamba ukitaka watu wakuamini unawapa kitu cha kushika. Kila kitu katika kipande kile ni cha kweli isipokuwa jibu lake.

Jibu nililigeuza ndani ya gari wakati wa kurudi, daftari likiwa magotini. Dereva akaniuliza mbona natabasamu.

Siku ya hotuba nilikuwa nyuma ya jukwaa. Mama yako alikuwa mstari wa tatu, wewe uko mgongoni. Kinanda alifika kwenye kiduara akainua macho kama nilivyomwekea. Lakini watu hawakumtazama yeye. Waligeuka kumtazama mama yako. Mjane mwenye cherehani kule bondeni alikuwa mmoja tu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiria pumzi, nilifikiria glasi ya maji, sikufikiria kwamba kuna mtu atageukiwa. Hakupiga kelele. Hakutikisa kichwa. Alikufungua mgongoni, akakuhamishia kifuani, akakushika hivyo hadi mwisho.

Naweza kukuambia kwamba malori yalikuwa tayari, kwamba bila hotuba watu wangetolewa kwa virungu. Ni kweli pia. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, tena kwa ufundi, nikijipitishia mlango wa akili, nikijipitishia mlango wa moyo. Nikiwa peke yangu dirishani haunisaidii hata mmoja.

Hakuniuliza kamwe. Barua zake zote ziliisha "dada yako akupendaye". Nilijipa moyo kwamba labda anadhani Kinanda ndiye aliyetunga. Na mguu haukuwa unauma. Sikuja kumzika kwa sababu niliogopa kukuta msiba hauna watu. Ningejua ni kwa nini.

Haya ndiyo aliyosema. Sijaweka kistari wala kiduara. Yasome tu.

"Waambie siondoki. Mume wangu amelala pale, udongo haujakauka. Mtamfunika maji, halafu mniwashie taa nimwone nani?"

Ukitaka kuyasema siku hiyo, yaseme. Nakuomba kitu kimoja, na hata kuomba naona haya: usinitaje. Wajukuu zangu wanaisoma hotuba ile shuleni, na wa kwanza ameikariri yote. Anakuja kunisomea, nami sisikii, nautazama mdomo wake tu.

Mjomba wako

*

22 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wazima. Baba watoto anakusalimu, na alikuwa nami siku hiyo, amevaa suti ya harusi yetu isiyofunga tena vifungo.

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Waliweka mahema kwenye uwanja wa shule, wageni kivulini na wenyeji juani. Mkuu wa wilaya alisifia taa zilizotuletea maendeleo. Hakusema kwamba hapa zilifika mwaka wa kumi na moja baada ya kuhamishwa. Wazee wa bondeni walikaa mstari wa mbele, wamebaki ishirini na watatu.

Twiga alisoma. Kwenye viatu watu walicheka, kwenye maswali waliacha kujipepea. Nilikuwa nimemwambia kwamba akifika kwa mjane asome yote ya nakala ya mwanzo, kisha anipe kipaza sauti. Alisoma cherehani, alisoma kisima, na wazee wakainamisha vichwa kama watu wanaosikia tusi la zamani. Akanipa kipaza sauti. Nikakishika kwa mikono yote miwili. Nikasema, "Mjane huyu ni mama yangu. Hayo hakuyasema. Yaliandikwa na karani mmoja. Alichosema ni hiki." Nikasoma maneno yake. Ni mafupi, yaliisha kabla watu hawajajiandaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa shule alinishika kiwiko akanirudisha kwenye kiti kama mgonjwa. Jumatatu niliitwa ofisini, na barua ya onyo ipo, ila hiyo si habari.

Habari ni hii. Jumapili mchana bibi wa mafagio alikuja. Unamjua, alikuwa jirani yetu wa upande wa kisima kule bondeni, na hapa nyumba yake inatazamana na ya mama. Miaka arobaini amekuwa akiuza mafagio mlangoni kwake na hajawahi kumwuzia mama hata moja. Aliingia kwangu bila kukaribishwa, akakaa kwenye kile kiti cha cherehani, akaweka kiganja juu ya gurudumu. Nilimpa maji, hakuyanywa.

Akasema, "Mwanangu, mimi nilimwuliza. Wiki ile tuliyohamia hapa, kabla hata sijafungua mizigo. Nilivuka barabara nikamwuliza, wewe ulisema vile? Alikuwa na mkasi mkononi. Akauweka chini. Akanitazama, akaniambia: nilisema."

Nikamwambia, "Lakini hakusema."

Akasema, "Sasa mbona aliniambia alisema? Miaka arobaini sikumpa hata habari za asubuhi, kwa neno lake mwenyewe. Mtu anajipaka uchafu ambao si wake kwa ajili ya nani?" Akalia, Mjomba, kilio kikavu cha mtu aliyesahau kulia. Kisha akauliza, "Huyo karani ni nani?"

Mimi najua ni kwa nini mama alisema alisema, na wewe unajua. Angekana, watu wangekwenda Wizarani kuuliza nani amewadanganya. Gari la serikali mlangoni kwake waliliona wote, na Wizarani wangeambiwa lilipewa nani. Mdogo wake alikuwa na kazi mpya na suruali mbili. Alijua tangu siku ile, mstari wa tatu, mimi nikiwa mgongoni. Hakukuuliza kwa sababu hakuwa na la kuuliza.

Bibi wa mafagio alinikazia macho akingoja jibu. Nami nikatazama sakafu, nikasema, "Sijui." Nimekuwa kama mama, ila yeye alifanya kwa upendo, na mimi sijui nimefanya kwa nini. Nilipomsindikiza mlangoni aliniambia atarudi kuuliza tena.

Nimetimiza ulichoniomba, sikukutaja. Najuta. Swali lake sitalijibu mimi.

Mpwa wako

*

9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako anakusalimu. Yeye ndiye anayenifungia mzigo sasa hivi.

Nimekuandikia barua nne nikazichana zote. Ya kwanza ilikuwa kurasa sita. Zilikuwa nzuri, mwanangu, hilo ndilo tatizo. Nilikuwa namwandika dada yangu na mkasi wake, na nikifika mwisho wa mstari naona mkono umeshaweka kiduara.

Basi la Alhamisi linafika kwenu saa nane mchana. Usije kunipokea, na usipike. Siji kwako kwanza. Nitavuka barabara, nitakwenda kwa bibi wa mafagio, na kama watu wapo mlangoni kwake ni vizuri zaidi. Kisha ndipo unipeleke kaburini, kama utapenda.

Nitakalomwambia nimelipunguza mpaka limebaki maneno manne: "Hakusema yeye. Nilisema mimi." Hayana mlango wowote. Tangu asubuhi nimesimama mbele ya kioo nayafanyia mazoezi, mkazamjomba ananitazama mdomo ili anionyeshe kwa mkono kama yametoka. Matatu yanatoka. La nne bado.

Mjomba wako